Ruhusa ya Nahla

Bi Muzdalifa, mke wangu mkali,

Huku Guangzhou mie mzima. Wachina wa soko la nguo la Shahe wakiniona tu wanashusha bei bila kuombwa.

Jana dukani kwa Mhindi mmoja nimemwona kwenye video Malti Rani, yule mcheza sinema wa Kihindi uliyekuwa ukimlilia mpaka kanga inarowa. Sasa ni mzee, kakaa barabarani huko kwao na maskini wanaovunjiwa nyumba. Askari kamwambia, "Mama, ondoka." Kamjibu, "Miaka thelathini nimelia kwa mshahara, leo nalia bure." Tingatinga likarudi nyuma.

Na wewe wasema waigizaji hawana heshima, ukamkataza mwanetu Nahla kuingia kikundi cha maigizo. Basi nimeshampigia simu, nimemruhusu. Anza kukasirika leo, ili nikirudi mwezi ujao uwe umemaliza.

Mumeo, ambaye hukupata mwengine mzuri kama yeye,
Abdulhadi