Kisima Nacho Kifunge

Jumatano, 12 Februari 1975

Majivu leo. Padri kasema Kwaresima si kupunguza chakula tu, ni kupunguza tamaa. Nikacheka moyoni – hapa kijijini tumebakiwa na tamaa gani? Tangu tuhamishwe mwaka jana, kaya zote hizi, kisima kimoja! Nimerudi na nusu ndoo. Tope.

Kule Vihingo tulikohamishwa, kisima kilikuwa chetu sisi na nyani. Mama hakuruhusu tukikombe. "Bakizeni, nao wana watoto." Na harufu ya maji yale! Majani mabichi na udongo. Nimeikumbuka mpaka nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 15 Februari

Jirani yangu Mwanaamina kaja na wazo. Waislamu tunafunga, anasema, nanyi Wakristo mnafunga – kisima je? Kifunge nacho! Watu wachote asubuhi tu. Ikishaadhiniwa adhuhuri, basi, mpaka kesho. Wanawake tumekubali. Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wetu, kakuna kichwa, kasema haya, jaribuni.

Jumatano, 19 Februari

Maji yamepanda! Meupe, yanaonyesha uso. Mwanaamina kanywa kwa kiganja, kacheka kama msichana.

Jioni nimemwambia mume wangu kuwa sijaziona siku zangu. Huyu atakuwa wa saba. Thadeo kafurahi – hufurahi kila mara. Ataongeza chumba, kasema, aanze kufyatua tofali.

Nesi alishaniambia: pumzika kuzaa, Honorata. Zamani mama akinyonyesha alilala na bibi, baba na mkeka wake barazani, mtoto asije akabemendwa, akadhoofu kwa wazazi kukutana mapema. Wala hakuna aliyenuna. Nilipomkumbusha Thadeo hayo, mwaka juzi, kasema mambo ya kishamba.

Mtoto huyu nampenda tayari. Ila kisima kimepata wa kukiombea mapumziko. Mimi?

Jumamosi, 22 Februari

Aibu! Mwanaamina kaja alasiri, kakaa mlangoni, kasita.

"Shoga, kuna mtu anachota wakati wa kufunga. Ni mumeo. Nifanyeje?"

Nilipomuuliza, Thadeo hakukataa. Tofali zinataka maji, kasema, na maji hayana mwenyewe. Anawajengea watoto wake, kosa liko wapi?

"Na watoto wa wenzio?"

Kachukua jembe, katoka.

Jumapili, 23 Februari

Kutoka misani nimepitiliza kisimani. Tope tena. Mwanaamina alikuwa kakaa ukingoni peke yake, nami nikakaa. Kaja Justa. Kaja Petronila. Wengine. Hakuna aliyeitwa.

Adhuhuri ilikwishapita Thadeo aliposhuka na ndoo zake.

"Honorata, nipishe."

"Kumefungwa."

"Hata kwangu?"

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema taratibu, ila wote walisikia: "Kumefungwa hapa, na nyumbani pia. Mpaka mtoto huyu azaliwe, aache ziwa, akimbie."

Mwanaamina kajiziba mdomo kwa khanga. Thadeo kaniangalia kama mgeni, kisha kapanda kilima, ndoo tupu.

Sasa jua linazama. Hajanisemesha, chakula kala. Watoto wametulia, wanatuangalia kwa zamu. Nilitaka kuomba radhi. Nikashindwa – sijui niombe radhi ya nini.

Namsikia ndani anakokota mkeka. Umefika mlango wa barazani. Kasimama. Bado kasimama –