Sinki la Baba Mkubwa

Baba,

Nimekaa hapa kwenye migomba, karibu na kaburi lako, maana ndani ya nyumba ya Baba Mkubwa siwezi kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini. Wamerudi kutoka kanisani, wanakula. Saruji yako imeanza kupasuka pembeni. Wanasema ni mvua. Mimi nadhani waliweka mchanga mwingi ili wabane matumizi. Wewe ungeona mara moja.

Nina mengi, sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye sinki.

Siku ya kuanua matanga, ukoo ulikuwa ukae uamue nani atanilea, na kama nitaendelea na kidato cha tatu. Nilivaa sare ya shule makusudi. Niliipiga pasi, ili wakinitazama wakumbuke kwamba mimi ni mwanafunzi. Kabla ya kikao wanawake waliosha vyombo kwenye sinki jipya la Mama Mkubwa, na walimwaga kila kitu humo, Baba. Mafuta ya supu ya mtori, machicha ya pombe ya mbege, maji yenye utomvu wa ndizi. Ulikuwa ukisema mafuta ya ng'ombe yakikutana na baridi ya huku Uru yanageuka mshumaa. Yakageuka. Maji yalifurika mpaka sebuleni, yakalowesha viatu vya wazee.

Baba Mkubwa akapiga makofi, akasema kwa sauti: "Lo! Fundi bomba mwenyewe tumemfukia juzi, na vyombo havijaisha!"

Watu wakacheka, Baba. Watu wale wale waliokuwa wamelia juzi.

Kisha akaninyooshea kidole. "Si ameacha mbegu? We Manka, hebu inama utuonyeshe."

Nilifurahi. Nilifikiri wakiona ulivyonifundisha vizuri watasema mtoto huyu ana akili, aachwe asome.

Nikauliza kwanza kile ulichosema lazima kiulizwe: "Mmemwaga dawa yoyote ya kuzibulia humu?" Mama Mkubwa akabinua mdomo. "Msikieni, anahoji kama baba yake. Hatujamwaga kitu." Nikatoka nje, nikafunua chemba ya majitaka. Ilikuwa kavu, nikajua palipoziba ni kati ya pale na sinki. Wakaleta sufuria la maji yanayochemka, nikawaomba wayaache yapoe kidogo, kwa sababu bomba ni la plastiki na litalegea. Nikachota maji yaliyotuama sinkini, nikatega ndoo, nikafungua lile bomba lililopinda chini ya sinki.

Kumbe asubuhi ile, maji yalipoanza kukwama, Baba Mkubwa alikuwa amemwaga humo maji ya betri, tindikali kabisa. Alikuwa amesimama pale pale nilipouliza, akaniacha nifungue.

Yalinishukia mkononi, yakaniunguza. Nilikimbia nje nikaushikilia mkono chini ya maji yanayotiririka, muda mrefu, kama ulivyoniambia. Nyuma yangu mwanamume mmoja alisema, "Ndiyo kazi yao hiyo, atazoea." Hakuna aliyekuja.

Nikarudi nikamalizia. Nilimwaga maji ya moto na sabuni polepole, nikaingiza waya wako wa springi, nikauzungusha kulia, kulia tu, bila kuurudisha, mpaka ukakamata. Nikavuta. Likatoka donge refu la mafuta lililojaa machicha, na maji yakashuka na ile sauti uliyoipenda, ile uliyokuwa ukiniambia nitege sikio niisikie. Wakanipigia makofi.

Kwenye kikao Shangazi alisema, "Huyu mtoto arudi shule." Baba Mkubwa akamjibu, "Shule ya nini? Akajifunze uchafu unateremkia upande gani? Mmemwona wenyewe, kazi anayo mkononi." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Shangazi akatazama chini.

Kama ningeharibu, Baba, pengine ningekuwa darasani.

Tangu siku hiyo Baba Mkubwa ananizungusha na pikapu yake, kuanzia Shirimatunda mpaka mjini. Yeye anabaki garini, mimi naingia kwenye nyumba za watu kuzibua mabomba. Kuna mama mmoja niliyemwomba maji ya kunywa, akanipa kwenye bakuli la mbwa wake. Hakulificha hata kidogo, mbwa mwenyewe alikuwa ananitazama. Nilikukumbuka wewe ulivyokuwa ukinawa kwa ndimu mpaka kwenye viwiko kabla ya kunisindikiza shuleni, ili nisichekwe. Sikujua ulikuwa unaondoa nini. Nilidhani unapenda tu harufu ya ndimu.

Ijumaa pikapu ilikata kona kwenye geti la shule yetu.

Ilikuwa nyumba ya Madam wa Hesabu, ile iliyo ndani ya uwanja wa shule. Sinki la jikoni kwake lilikuwa limeziba. Alinitazama mlangoni akasema tu, "Manka? Nilidhani umehamishwa." Nilikuwa nimelala chali chini ya sinki kengele ya mapumziko ilipolia, na wenzangu wa darasani wakaja kuchungulia dirishani. Neema, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, akaita, "Shikamoo, fundi!" Mwingine akasema, "Msimsogelee jamani, mtanuka mpaka kule Chekereni!" Madam aliwafukuza. Nikaendelea. Palizibwa na wali na majani ya chai tu, si kazi kubwa.

Nilinawa. Baba Mkubwa alikuwa garini anaongea na simu. Nilimpita. Sikuwa nimepanga, miguu yenyewe ilikwenda. Niliingia darasani nikakaa mahali pangu, na Neema akavuta sketi yake isiniguse.

Madam akaingia na chaki. Akayatazama magoti yangu yenye tope. Nilijua sasa ananitoa.

"Manka, kitabu huna. Sogea kwa Neema."

Neema akakisukuma kitabu kwa ncha ya kalamu, huku ameziba pua. Nilisoma hivyo hivyo. Wameniacha mada nzima, lakini naweza kuwafikia. Nje honi ililia, ikalia tena. Madam akaenda akafunga dirisha.

Jioni Baba Mkubwa alinichapa, kisha akafungia viatu vyangu vya shule kabatini. "Tuone utashuka kwa miguu ipi."

Buti zako za mpira zipo bandani, hakuna aliyezitaka. Nimezijaribu asubuhi hii. Zinanizidi sana, ila nikijaza majani makavu ya migomba kwenye vidole, zinashika.

Kesho ni Jumatatu. Nakuahidi nitashuka nazo shuleni. Jumamosi nitazibua mabomba ya watu, kwa sababu kazi yako siionei haya. Siku nyingine nitakuwa darasani, na wakinitoa nitarudi.

Pumzika, Baba. Usikae ukinisikilizia, nitafika.

Mwanao,
Manka