Kuku Wamenyamaza, Mama

Finote Selam, Jumatano

Mama yangu mpenzi Wubalem,

Hujambo mama? Miguu inaendeleaje? Na kifua cha baba? Na ng'ombe, na mvua ya huko Dangila, na majirani wote mmoja mmoja? Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Meklit jana ametimiza siku sabini na moja, na akicheka anaonyesha ufizi mtupu kama babu yake. Zimebaki siku nane tu afikishe themanini, tumbatize!

Mama, nina habari, hata kalamu inanitangulia. Kuku wangu wamepona! Najua hukuambiwa kama waliugua. Ngoja nikueleze.

Yule jogoo mwekundu uliyemtuma awe wa Meklit alifika Jumapili, mzima, na kelele zake. Nikamfunga karibu na mlango wa jiko mpaka azoee. Basi Jumanne asubuhi nikasikia bandani, chi! chi! Matetea wangu wote kumi na moja wanapiga chafya, wanatikisa vichwa kama watu wanaokataa posa. Mama, nililia. Wale nimewalea tangu vifaranga, nikiwa na mimba, na mayai ya wageni wa ubatizo, ni hao hao nawategemea.

Jirani yetu Tewabech akaja kunywa kahawa, akaniambia kuku wangu wanahitaji leso. Halafu akaacha mzaha, akasema niwachinje wote kabla ugonjwa haujaruka ua ukaingia kwake. Mama mkwe, Mama Etagegn, akamjibu kwamba mtu akipiga chafya huambiwa Mungu akuponye, haletewi kisu. Tukacheka, lakini mimi moyo ulikuwa chini.

Ijumaa Getnet, mume wangu, akamleta daktari wa mifugo, binti mdogo kuliko mimi, anaitwa Mastewal. Akamkamata kuku mmoja mmoja. Akatazama macho, hayana tongo. Pua kavu. Vishungi vyekundu. Akaweka sikio kifuani asikie kama wanakoroma, hakuna. Akauliza kama wanakula na kutaga, nikasema wanakula kuliko sisi. Akaingia bandani kabisa, na mama, hapo hapo akapiga chafya tatu mfululizo! Akatoka machozi yanamtiririka, akauliza kama na yeye sasa achinjwe.

Kisha akauliza ni nani anayetwanga pilipili hapa.

Ni mimi, mama. Wewe mwenyewe ulinionya mzazi asikae juani, jua litampiga. Basi pilipili ya karamu ilipokauka, Jumatatu nilihamisha kinu nikakiweka kivulini, upenuni, ukutani kabisa mwa banda. Kila siku natwanga pale kwa raha zangu, na vumbi lote linaingia dirishani kwa kuku! Sisi wa nyumbani tumeshazoea kuwashwa, hakuna aliyefikiri. Mama Etagegn alicheka mpaka akakaa chini. Getnet akasema wenzetu hutia pilipili kwenye mchuzi wa kuku, mke wake humtia pilipili kuku akiwa hai.

Mastewal akaniagiza nihamishe kinu, nitoe majani yote ya chini niweke makavu mapya, dirisha liachwe wazi, maji yabadilishwe kila siku. Dawa hakutoa hata tone. Alisema nikiona macho yamevimba, au pua inatoka kamasi, au mmoja amegoma kula, nimtenge siku hiyo hiyo na nimwite. Leo siku ya tano, mama. Kimya! Asubuhi nimeokota mayai manane!

Sasa mama, kuna jambo, na ningeweza kulinyamazia. Kabla daktari hajaja, nilimshuku jogoo wako. Nilisema mbele ya Tewabech kwamba mama yangu ameniletea ugonjwa. Mama Etagegn ndiye aliyekutetea, akasema mgeni ambaye hata chafya hajapiga anashitakiwa kwa kosa gani. Sikumsikia. Alhamisi jioni, alipokwenda kanisani, nilimfunga jogoo miguu nikamweka nje ya ua, kwenye korongo wanakopita fisi. Nikarudi ndani kumnyonyesha Meklit. Akanyonya akinitazama tu, mama, nikashindwa. Nikatoka mbio naye mgongoni. Korongoni hakuna kitu. Niliporudi, Mama Etagegn alikuwa amekaa jikoni, jogoo mapajani, anamfungua kamba. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku ya ubatizo wewe ukiuliza, yeye hakuona kitu.

Lakini mimi nimeona nilichofanya. Sikutaka uje umkute jogoo anawika nawe unanishukuru kwa kumtunza. Nisamehe, mama. Na ukifika, kabla hujanibusu mimi, mbusu yeye mama mkwe.

Msalimie baba, msalimie kila anayeniuliza. Njoo mapema, Meklit anakungoja na gauni lake jeupe limeshafuliwa.

Mwanao anayekupenda,
Yeshimebet