Waliokuwa Chini ya Uwanja

Dilala, Kolwezi
Jumapili baada ya misa

Kwa yaya wangu Feliciane, dada yangu mkubwa uliyenilea tangu mama alipotuacha,

Barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kamba, na goti lako limetulia. Je, ile dawa ya kuchua niliyokutumia inasaidia, au bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta? Na mihogo ya upande wa mto, mvua imeiacha? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua ni nyingi, na vumbi limegeuka matope mekundu yanayofika mpaka ndani ya nyumba.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema binti yetu Solange amekusimulia kwamba mdogo wako alikuwa anatembea juu ya wafu kila asubuhi, na kwamba aliwafungia watu kaburini kwa mikono yake. Unauliza kama ni kweli. Yaya, katika hayo mambo mawili, la pili lina ukweli ndani yake. Ndiyo maana sikutaka kujibu kwa simu. Nimefungua daftari langu la kila siku na ninaandika nikilitazama, nisije nikaongeza wala kupunguza.

Unakumbuka mwaka jana muuguzi wa kituo cha afya aliniambia nina ugonjwa wa sukari. Aliniagiza nipunguze bukari, ugali wetu wa kila siku, niache mikate ya mafuta na vinywaji vitamu vya chupa, nile mboga, nitembee kila siku. Mboga, sawa. Lakini kutembea, nitembee wapi? Barabara yetu ni ya malori ya madini, mchana na usiku, na pikipiki zinapita hata mlangoni mwa mtu. Ulikuwapo uwanja wa zamani wa mpira, katikati ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni, lakini malori yalikuwa yanalala pale. Kando yake, mbele ya mlango wa shule, watu waliuza pombe kali ya vipakiti na soda asubuhi, na watoto walinunua soda badala ya kula.

Hapo ndipo tulipounda kamati. Tulikuwa watu kumi na wawili, karibu wote akina mama wenye sukari au presha. Mwenyekiti ni Mama Odette, muuza mboga. Mimi, kwa sababu nilimaliza sekondari na nina mwandiko mzuri, wakanifanya katibu. Niliandika barua kwa ofisi ya komine: malori yaondoke uwanjani, vipakiti na soda viondoke mlangoni mwa shule, na tupewe ukanda wa kupanda mboga. Ilichukua miezi mitano na safari nyingi za kukaa kwenye benchi. Mwishoni tulipewa karatasi moja yenye muhuri. Yaya, siku malori yalipoondoka, Mama Odette alilia kama aliyepewa mtoto.

Tukaanza kutembea alfajiri, kuuzunguka uwanja mara kumi, akina mama na vitenge vyao na mimi nyuma nikikokota mguu wangu wa kushoto, ambao sukari imeufanya usisikie kitu. Waendesha pikipiki walitucheka.

"Ba mama, munakimbia nani?"

"Tunakimbia sukari!" Mama Odette aliwajibu. "Na weye itakufuata, endelea kukunywa ile soda yako!"

"Na ule tata wa nyuma, anafukuza bibi ya nani?"

Huyo tata, baba wa nyuma, ni mimi, nami nilicheka. Sukari yangu ilishuka. Mama Béatrice, aliyekuwa anatembea na fimbo, alifika mizunguko mitatu. Alikufa mwezi wa pili wa matembezi, kwa presha, nyumbani kwake, na tukabaki kumi na mmoja.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Kwanza ilikuwa maji. Naona nimeandika: "Mvua kubwa jana. Barabarani madimbwi, uwanjani hakuna." Nilifurahi, nikadhani ni uwanja mzuri. Kisha lengalenga tuliyopanda kwenye ukanda ikanyauka, lakini si yote. Ilinyauka katika mstari mmoja, ulionyooka kana kwamba mtu alipita na kamba, na pande zote mbili za mstari mboga zilikuwa nzima. Tulimwagilia. Maji yalizama mara moja na mstari ukabaki mkavu.

Halafu asubuhi moja Mama Odette alisimama ghafla, nasi wote tukasimama nyuma yake.

"Kuna mutu anabisha," alisema.

"Wapi?"

"Chini."

Tulinyamaza. Hakukuwa na kitu. Tulipoanza tena kutembea, niliisikia mimi pia, kwa mguu wa kulia tu: tu, tu, tu, taratibu, kama mtu anayetwanga mbali sana. Tukasimama, ikasimama. Tukaenda, ikaanza. Ilifanya hivyo siku hiyo na siku zilizofuata. Mmoja wa akina mama alisema ni Béatrice anamalizia mizunguko yake. Hakuna aliyecheka. Wawili wakaanza kuja na rozari mkononi. Lakini hatukuacha, kwa sababu tulijua kwamba tukiuacha uwanja wiki moja tu, malori yatarudi.

Jumamosi moja tulifanya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulifyeka nyasi, tukaokota chupa. Karibu na goli la upande wa mashariki tulikuta tundu ndani ya nyasi, upana wake kama mdomo wa sufuria. Nyasi za pembeni zilikuwa zimelowa, ingawa jua lilikuwa limeshakausha nyingine zote. Nilipoweka mkono juu yake, nilisikia hewa ya uvuguvugu inatoka, inapumzika, inatoka.

"Hii ni nyumba ya nyoka," mmoja alisema.

"Ni choo ya zamani ya kampuni," akasema mwingine.

Mimi, yaya, sikubishana. Nilifikiri juu ya mtu mzima anayevunjika mguu alfajiri, na juu ya watoto wa shule wanaocheza pale saa nne. Nikaamua. Tuliweka mawe, tukalaza kipande cha bati, tukamwaga udongo, na akina mama wakacheza juu yake wakiimba mpaka ukashikana. Nyumbani niliandika: "Tumefunga tundu moja, goli la mashariki. Kazi nzuri." Maneno hayo yapo mpaka leo. Sikuyafuta.

Jumatatu alfajiri tulikuja kama kawaida. Tulikuwa katika mzunguko wa pili mlio ulipoanza. Haukuwa ule wa kila siku. Ulikuwa wa haraka, bila mpangilio, na tuliposimama haukusimama. Tulisogea hatua kadhaa, nao ukatufuata chini ya nyayo. Tulirudi nyuma, nao ukarudi. Akina mama wawili walikimbia mpaka barabarani na kuacha ndala zao pale pale.

Katika kamati yuko Mama Kapinga, mjane. Mume wake alikuwa mchimbaji, na udongo ulimfunika huko Fungurume. Hakukimbia. Alipiga magoti, akaweka sikio chini, akakaa hivyo. Kisha akaniangalia, na mpaka leo siwezi kukueleza yale macho.

"Hii hapana pepo. Hii ni batu, banaomba hewa. Tata Katibu, ile tundu mulifunga siku gani?"

Nilikimbia, yaya. Mimi na mguu huu. Tulichimbua kwa majembe mawili, kisha kwa mikono na kwa mifuniko ya ndoo. Tulipoinua bati, hewa ilivutwa kwenda chini kwanza, kwa sauti, kama mtu anayezinduka kutoka majini. Kisha ikarudi juu ikiwa moto, na harufu ya jasho. Mlio ulikuwa umekwisha. Mama Kapinga aliinama juu ya tundu akaita: "Bandugu! Muko bangapi?"

Muda ulipita. Kisha sauti ndogo ikatoka, karibu sana, chini ya midomo yetu.

"Musiongee, mama. Muache tupumue."

Walikuwa watatu. Walitoka baadaye, si kwenye tundu lile, bali kwenye nyumba moja nyuma ya ukuta wa uwanja, ambayo sisi tulidhani haina mtu. Sebuleni mwake ndimo ulimokuwa mlango wa shimo, na njia yao ya chini ilifuata mshipa wa madini mpaka katikati ya uwanja wetu. Jumapili walipumzika. Jumatatu kabla ya mapambazuko walishuka bila kujua kwamba hewa yao nimeifunga.

Mkubwa wao anaitwa Delphin, mtu wa makamo mwenye watoto. Alikaa kwenye nyasi, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, akanywa maji ya Mama Odette polepole.

"Zamani tulishuka na mishumaa," alisema. "Ikizima, unatoka. Sasa ni tochi. Tochi haijue kama hewa imekwisha. Miguu njo ilikatala kwanza. Tukaanguka. Nikasikia munapita juu, nikasema, tubishe pale banakanyanga."

Nilimwambia ni mimi niliyefunga. Nilisema wazi, mbele ya watu wote. Hakukasirika. Alinitazama nilivyosimama.

"Weye njo ule wa kukokota mguu," alisema.

"Unanijua?"

"Tunabajua bote. Muko kumi na moja. Mbele mulikuwa kumi na mbili, kulikuwa mumoja wa fimbo. Siku moja hatukumusikia. Kesho yake tena hapana. Tukasema, ule mama amekwenda. Tukaacha kazi ile siku, tukapanda juu."

Mama Odette aliketi chini. Jambo hilo ndilo linalonirudia, yaya, kuliko hata tundu. Sisi tulidhani tunatembea peke yetu na Mungu. Kumbe wao walikuwa wanatusikiliza kila asubuhi, wanapiga nyundo tunapotembea ili tusisikie, wananyamaza tunaponyamaza, na wametuhesabu. Walijua Béatrice hayupo hata kabla ya baadhi ya majirani zake.

Kisha Delphin alionyesha kona ya magharibi, pale watoto wa shule wanapopanga foleni kabla ya mchezo. "Pale musipite. Pale udongo wa juu ni kidogo, tunasikia mpaka mutu akijikuna."

Kamati ilikutana siku ile ile, nyumbani kwangu. Ukiiambia komine, uwanja unafungwa, na miezi mitano yetu ya benchi imekwenda. Usipoiambia, watoto wapo pale kila siku saa nne. Delphin alikuja mlangoni, hakuingia.

"Mutupatie siku kumi na ine tu, tutoe madini tulishavunja. Nina batoto, tata."

"Na bale ba saa ine, hapana batoto?" Mama Kapinga alimjibu. "Mi nilishazika wa kwangu bila kumuona."

Mmoja wetu alisema labda tuzungushe miba kwenye kona na kunyamaza. Nilitazama mikono yangu, udongo ulikuwa bado kwenye kucha. Mama Odette akasema: "Tuliomba uwanja ili batu baishi. Andika, Katibu."

Niliandika barua kwa mwandiko ule ule, na kesho yake nikaipeleka mwenyewe. Karani aliisoma mara mbili. "Nyinyi muliomba tubapatie uwanja," alisema, "na sasa munaomba tuufunge? Mutajua mwaka gani kile munataka?" Lakini alasiri waya ulizungushwa na rangi nyekundu ikapakwa kwenye magoli. Delphin na wenzake waliondoka kwenda upande wa Mutshatsha, kuchoma makaa. Mke wake alinikuta sokoni akanitukana mbele ya meza za mboga. Wapo pia majirani wanaosema nimeuza uwanja, kwa sababu mpaka leo haujaanguka. Naupita kila asubuhi. Umekaa tu, na nyasi zake zimekuwa ndefu, isipokuwa kwenye ule mstari.

Miezi miwili hatukutembea. Sukari yangu imepanda tena, na miguu ya Mama Odette imevimba. Tuliandika barua nyingine. Padre ametupa kiwanja nyuma ya parokia, kidogo, lakini kuna nafasi ya mboga, na wauza vipakiti hawathubutu kukaa pale. Jana Jumamosi tulikwenda kukipokea. Tulikuwa saba. Tulipofika, hakuna aliyetaka kuingia. Ndipo Mama Kapinga alipofunga kitenge chake vizuri akalala kifudifudi, sikio kwenye udongo, na sisi sote tukalala vile vile, mstari mmoja, kwa muda wa kusali kumi moja la rozari. Watu wa barabarani walisimama kutucheka, kisha waliacha kucheka.

Hatukusikia kitu. Mama Kapinga alisema, "Hapa ni udongo tu." Tulimwamini. Lakini tuliendelea kulala pale, yaya, mashavu yetu kwenye ardhi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga.

Sasa umeyapata yote kutoka kwangu. Mwambie Solange hatukutembea juu ya wafu. Walikuwa hai. Mungu anisamehe, walikuwa hai.

Nisalimie shemeji Donat, fundi wa baiskeli, na mama mkubwa Thérèse anayepiga kengele ya asubuhi. Msalimie mjomba Kasongo wa pale stesheni. Barua hii imepitia kwake mkononi mwa msafiri wa treni, natumaini hakumwacha arudi bila kula. Na wewe, punguza chumvi. Nakuomba kama ulivyokuwa unaniomba nioge.

Nabaki chini ya baraka yako,

mdogo wako Anaclet