Kwa Mama Beryl, Aliyepambana na Ndege ya Saa Moja

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotuaga hapa Colnbrook, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, katika nyumba uliyokataa kuihama hata ndege zilipokuwa zikipita nusura zing'oe bomba la moshi.

Tunaanza na vikombe, maana wewe mwenyewe ungeanzia hapo. Kila jioni, saa moja ikikaribia, uliacha shughuli yako ukaenda kabatini kukumbatia vikombe vya Bibi kwa mikono miwili. Mara Concorde, ile ndege ya abiria iliyoishinda sauti kwa kasi, hiyoo, inapaa kwenda New York. Madirisha yalitetemeka, mbwa alijificha chini ya meza, na sote tulinyamaza katikati ya neno. Ikishapita, kila mtu aliendelea pale alipoishia. Wageni walitushangaa. Sisi tulidhani kila nyumba duniani huishi hivyo.

Ulikuwa mpole kwa kila kiumbe isipokuwa ndege hiyo. Jirani yetu Mzee Pocock alipougua ulimpelekea supu miezi minne mfululizo, na watoto wa mtaa mzima walijua siku unayooka keki ya tangawizi. Lakini kila Jumatatu uliketi ukawaandikia wakubwa wa uwanja wa ndege barua ya malalamiko, ukabandika stempu kwa ngumi.

Kilichokuudhi zaidi ni kwamba Baba ndiye aliyekuwa akiisafishia vioo vyake, vile vidogo kama kiganja. Ukaipa jina Bi Mdogo.

"Mwambie huyo bi mdogo wako apunguze sauti!" ulimpokea hivyo akirudi kazini.

"Atanisikia wapi, na kelele zake hizo?"

"Basi mmepatana. Wewe nawe husikii."

Mligombana, tusifiche. Na Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi. Akikukosea alipigilia rafu mpya ukutani, na nyumba yetu ilikuwa na rafu nyingi. Ila jambo moja lilikukera miaka yote: Bi Mdogo akipita, nawe umekumbatia vikombe, midomo ya Baba ilikuwa ikicheza.

"Ulikuwa unasema nini, Wilf?"

"Nilikuwa natafuna."

"Unatafuna nini, na chakula bado kiko jikoni? Ulikuwa unanitukana wewe!"

Mwaka 2003 ndege ikastaafishwa. Jioni yake ya mwisho watu walijaa barabarani na kamera na viti vya kukunja. Hata waliotia saini barua zako walilia. Nawe ulilia, Mama, usikatae, binti yako Lorraine alikuona. Lakini Baba alilia kupita wote, hadi ukamwonea huruma. "Pole kwa msiba wa bi mdogo," ukamwambia, ukampa leso yako.

Tangu hapo saa moja ikawa kimya. Uliendelea kwenda kabatini kushika vikombe, ukasema ni mazoea tu. Tulipokupeleka kuiona kwenye makumbusho, ulikuta watu wamepanga foleni kuipapasa, kila mmoja akisimulia alivyoipenda. Wewe ulisimama chini ya pua yake ndefu ukaisemesha peke yako: "Nilitaka upunguze sauti tu. Sikukuambia ufe."

Ukamgeukia Baba, ukamuuliza tena alikuwa akisema nini zamani zile. Akasema amesahau.

Wiki yako ya mwisho ulimuuliza mara nyingine, ukiwa kitandani. Akafungua mdomo, akatazama dirisha, akasema atakwambia kesho. Kesho hiyo haikukukuta, na imemtesa mwaka mzima. Tumemwona.

Tulipokaa kuandika haya, Baba aliomba aongeze maneno yake. Tunayaweka kama alivyoyasema:

"Nilikuwa nasema samahani, Beryl. Kila jioni. Nilikuwa na kiburi, na ile kelele ilinisitiri. Ilipoondoka nikakosa pa kusemea. Si ndege niliyoililia siku ile."

Sasa ujue, Mama: kila saa moja jioni Baba huenda kabatini, hukumbatia vikombe vya Bibi na kusema samahani kwa sauti. Masikio yake yamekwisha, na vile vifaa vya kusikilizia hataki kuvivaa, kwa hiyo hupaza sauti mpaka barabarani. Jirani mpya amekuja mara mbili kulalamikia kelele. Tumemshauri aandike barua.

Unakumbukwa na mumeo Wilfred, watoto wako Lorraine na Clive, mkweo Sandra, wajukuu zako Jodie na Callum, na Mzee Pocock, anayesema supu ile hajaionja tena popote.

Hutoki mioyoni mwetu, Mama. Saa moja ikifika, bado tunanyamaza katikati ya neno, tukimwachia Baba aseme.