Dole Gumba Kwenye Karatasi ya Kiti cha Babu

Nyumba za Wafanyakazi wa Chuo,
Mlango wa Nane.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Vipi goti lako? Shemeji aliniambia bado linakusumbua kwenye ngazi, nami nimekuombea juma zima. Sisi huku hatujambo, ila kikohozi cha mume wangu kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Namshukuru Mungu kwa yote.

Dada, keti kwanza. Kiti cha Babu nimekiona. Kile cha miguu mitatu, alichokuwa akikitaja Bibi kila mgongo ulipomuuma. Unajua tangu mwaka jana nasafisha ghala la chuo, lenye vitu vya kale vilivyokusanywa na wakoloni. Tunapangusa kwa brashi laini, glavu mkononi, kimoja kimoja. Nikakigeuza, nikaona mguu mmoja umefungwa waya wa shaba, mizunguko saba, kama Bibi alivyotuhesabia. Nikaihesabu tena kwa kidole.

Kosa langu nilifurahi nikapayuka. Habari zikamfikia mtafiti anayefuatilia kila kitu kilitoka kwa nani na kwa njia gani. Sisi wasafishaji tunamwita Miwani. Mwaka mzima alikuwa akinipita kama ndoo. Sasa naitwa "mama yangu" na nawekewa chai.

Alhamisi akanionyesha karatasi ya zamani: kiti ni zawadi, Babu alikitoa kwa hiari, na chini alama ya dole gumba lenye kovu. Akataka nisaini karatasi mpya kwamba familia inakubali hivyo.

"Ni utaratibu tu, mama yangu."

"Na nisiposaini?"

"Basi kazi itachelewa wiki mbili."

"Kiti kimekaa humu tangu enzi za mkoloni, wiki mbili ndizo zitakiozesha?"

Akacheka, huku akiivuta ile karatasi upande wake.

Dada, Babu wa kuweka dole gumba? Babu aliyekuwa akiwaandikia barua majirani wote? Na Bibi alisema siku zote kwamba askari walikibeba Babu akiwa kwenye ibada. Zawadi gani inachukuliwa mwenyewe hayupo?

Jana nikapangusa rafu ya chini, nikachungulia karatasi ya ngoma ya mtu mwingine kabisa. Dole lile lile, kovu limekatiza katikati. Sitaki kumsingizia mtu, macho yangu si mizani, lakini tangu jana simwamini yeyote ghalani. Hata mwenzangu wa zamu, ambaye tunasali pamoja, nimemnyamazia. Mungu anisamehe.

Nikisaini, mkono wangu ndio utakaosema Babu alikitoa, na hakitarudi nyumbani tena. Nikikataa nikiwa mikono mitupu, watauliza msafishaji anajua nini. Mkuu wa ghala ameshaniuliza kama nimechoka na kazi.

Kwa hiyo naomba kile kitabu kitakatifu cha Babu ulichoachiwa na Bibi. Kurasa za nyuma Babu ameandika kwa mkono wake siku walizozaliwa Baba na baba wadogo, na sahihi yake ipo. Usikitume kwa mtu baki. Mpe Shemeji akilete, kimefungwa kwenye kitambaa, kabla kamati yao ya kuamua vitu gani virudishwe haijakaa tarehe 24.

Kuna jambo moja zaidi. Miwani aliniomba namba yako ya simu, na kwa ujinga wa chai nikampa. Juzi Ijumaa akasema mtu mmoja wa familia ameshakubali. Hakusema nani. Amekupigia, Dada? Kama kuna kitu ulisaini, niambie tu. Mimi mwenyewe kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Nisalimie Shemeji, shangazi na mapacha. Mungu akulinde wewe na mlango wako.

Nijibu upesi, tafadhali, hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako anayekutaja kila akisali,
Kitinda Mimba