Asali Niliyoikataa

Jumatano, 27 Februari 1974
Majivu leo kigangoni, Kwaresima imeanza. Kama kila mwaka, tulisimama mmoja mmoja kutaja tunachojinyima hadi Pasaka. Mama Tekla kaacha ugoro. Wengine pombe. Mimi nikataja sukari, halafu asali. Watu wakaguna. Wanajua nimelelewa na mrina asali, na chakula chetu kilikuwa hicho. Nilipenda walivyoguna. Bado madaftari ya darasa la tatu hayajasahihishwa.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya tatu baba hayupo kwake. Jirani anasema amerudi msituni, kule tulikotolewa, kurina mizinga aliyoiacha. Peke yake, na umri ule. Tangu lori lituteremshe hapa kijiji cha ujamaa, haipiti siku bila yeye kuutaja msitu. Kufika tu ni mwendo wa siku mbili, na mvua hizi. Nimemkasirikia. Naogopa zaidi.

Jumapili, 10 Machi
Amerudi. Alinikuta nje ya kanisa, watu wote wapo. Mkono umevimba kwa nyuki, kibuyu begani. "Ya mizinga ya mwisho hii, mwanangu. Sitaweza kwenda tena. Onja."

Mimi ni kifungua mimba wake. Kwetu baba haonji asali mpya kabla mtoto wa kwanza hajaonja. Ndivyo tulivyofanya tangu sijaota meno. Nilijua hayo yote. Lakini Mama Tekla alikuwa ananitazama.

Nikamwamkia, nikasema siwezi, nimefunga hadi Pasaka. Baba hajabatizwa. Akauliza kwa upole, "Mungu wenu kakukataza asali ya baba yako?" Nikamjibu kwamba tamaa za dunia hazina budi kushindwa. Nilipaza sauti ili wasikie. Akakaza kamba ya kibuyu. "Haya. Tutangoja."

Kina mama walinisifu njia nzima.

Jumatano, 20 Machi
Chai bila sukari nimeizoea. Sioni hata shida. Nikiulizwa nasema ni mateso. Uongo.

Jumamosi, 6 Aprili
Padri kaja na pikipiki yake, matope hadi magotini. Kitubio. Nilianza na uvivu na hasira. Halafu nikasimulia ya kibuyu, karibu kwa kujisifu. Akauliza, "Na baba yako, mwalimu, ameonja?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja.

"Basi umemfungisha mzee asiye na Kwaresima. Nenda ukale naye leo hii."

Sikwenda. Siku nane tu zimebaki. Kina mama ningewaambia nini? Nimeandika sentensi hiyo na naona aibu kuisoma.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka
Nilitoka kanisani mbio, kanga ya sikukuu imelowa. Baba alikuwa amekaa mlangoni. Kibuyu kinaning'inia ndani, kamba ni ile ile aliyoikaza mbele yangu. Jirani kaniambia watu walikuja kuomba hata kidogo, akawarudisha wote. Yeye mwenyewe hakugusa. Majuma matano. Mtu aliyekula asali maisha yake yote.

Nilipofungua, harufu ilinifikia kabla sijaona povu. Asali ya masika ina maji mengi, haitaki kukaa. Ilikuwa imechacha. Baba akanitazama mkono. Nikachovya kidole, nikaonja, nikamwambia ni tamu.

Ndipo naye akachovya. Alitafuna nta muda mrefu, uso umeelekea upande wa msitu. Hakuna mtu anayeijua asali kumshinda baba. "Tamu," akasema. Akaninawisha mikono kama nilipokuwa mdogo.

Sikujinyima kitu mimi. Nilimnyima yeye, nikachukua sifa.

Jumatatu, 15 Aprili
Mvua. Mama Tekla karudia ugoro wake, anapiga chafya hadi huku. Nimetia sukari kwenye chai, sikuimaliza. Kibuyu nimekiosha, nimekitundika jikoni kwangu.

Baba alipita asubuhi kunijulia hali. Tuliongea habari za mvua na paa lake linalovuja. Msitu hakuutaja.